Mkoba wa Gobori

Katika kata ya Nyasubi, mjini Kahama, alikaa mzee mmoja aliyekuwa na gobori lenye kibali cha serikali. Wageni walilitazama gobori lile wakalisifu. Yeye alipenda zaidi kusifiwa mkoba wake. Ulikuwa mkoba wa ngozi ya mbuzi, umechakaa pembeni, nao ulitundikwa ukuta wa pili, mbali na bunduki, ili mwenye kuchukua kimoja apate nafasi ya kufikiri kabla ya kukifikia kingine.

Mjukuu wake alifanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita. Siku moja, miaka michache baada ya mgodi wa Buzwagi kufunguliwa mwaka 2009, kijana huyo alikuja nyumbani kwa mapumziko, naye amebeba mkoba wake mwenyewe, mpya, wenye mifuko mingi na vifungo ving'aavyo.

"Shikamoo, babu. Safari hii nataka unifundishe kuwinda."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kuwinda kutangoja. Mwaga kwanza mkoba wako hapa mkekani."

Kijana akamwaga. Kikatoka kisu kirefu chenye meno kama msumeno, darubini ndogo, kurunzi ya kufungwa kichwani, na mkanda wa kuvaa kiunoni wenye vitundu vya kutilia viasi. Kopo moja la maziwa, lililofungwa kwa kitambaa, halikumwagwa. Kijana alilibakiza ndani ya mkoba, na mzee akaliona asiseme neno.

Vitu vile vilihukumiwa upesi. Kurunzi ilisukumwa kando, kwa kuwa sheria ya wanyamapori inakataza kuwinda kwa kumulika taa, na kwa kuwa gobori lina risasi moja tu, na mtu hapaswi kuipeleka mahali asipopaona vyema. Kisu kilikuwa kizuri kwa kukata mti. Mkanda ulimchekesha mzee hata akakohoa. Bunduki ya viasi imepewa jina la haki, maana ndani ya kila kiasi baruti imekwisha pimwa kiwandani. Mwenye gobori hana mtu wa kumpimia, na kiasi chake kimo katika mkono wake na katika akili yake.

Silaha hizi si ngeni katika nchi ile. Wanyamwezi walisafiri nazo katika misafara ya pembe za ndovu, na Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa mkuki na kwa bunduki za kushindiliwa. Mwaka 1893 Isike wa Unyanyembe, alipozidiwa na Wajerumani ndani ya boma lake, aliitia moto ghala yake ya baruti. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika, yakaacha mlango wazi kidogo kwa gumegume na baruti ya biashara. Ndiyo sababu mojawapo silaha za kizamani zilidumu mikononi mwa watu wakati Ulaya ilikuwa imekwisha zisahau.

Gobori la mzee halikuwa gumegume, lilikuwa la fataki. Fataki ni kofia ndogo ya shaba, yenye dawa ndani yake, inayovikwa juu ya kifa. Nyundo ikiipiga, moto hupita katika tundu la kifa ukaifikia baruti. (Vijana wa leo walilijua neno fataki kwa matangazo ya redio yaliyowakanya watu wazima wenye kutongoza wanafunzi, maana yake ya kwanza ni hii.) Asili ya mtambo huo ni kasisi mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, mpenda kuwinda ndege, aliyechoka kuona bata wakiruka kwa cheche za gumegume kabla risasi haijatoka. Alipewa hataza mwaka 1807. Kofia ya shaba ilifuata baadaye. Dawa ya fataki za kwanza ilifanywa kwa zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama hukamatia dhahabu.

Mzee akaangua mkoba wake, akavipanga vitu juu ya mkeka. Havikuwa vingi. Palikuwa na pembe ya baruti yenye kizibo cha mti, na pembeni mwake kipimo kidogo cha shaba, kimefungwa kwa kamba. Kipimo hiki alikishika muda mrefu kuliko vyote. Ndugu yake mkubwa hakuwa nacho. Alikuwa akimimina baruti kutoka katika pembe moja kwa moja hadi mdomoni mwa kasiba. Siku moja alipiga, akashindilia tena upesi kwa tamaa ya mnyama aliyejeruhiwa, na ndani ya kasiba palikuwa pamebaki kaa la kitambaa lisilozimika. Moto ulipanda katika pembe yote. Aliishi miaka mingi baadaye, akila kwa mkono wa kushoto. Kipimo kingalikuwapo, ingaliungua baruti ya pigo moja tu.

Mdeki wa mzee ulikuwa wa mti mgumu, umetiwa alama mbili kwa kisu: ya juu yaonyesha kasiba ni tupu, ya chini yaonyesha imeshindiliwa barabara. Mdeki ukisimama juu ya alama ya pili, risasi haijaikalia baruti. Na nafasi ikibaki kati yao, kasiba yaweza kupasuka usoni pa mpigaji. Hapana mkufunzi awezaye kuona ndani ya chuma, lakini alama ile huona. Palikuwa na beti ya fataki, ambayo haikukaa mfuko mmoja na pembe. Palikuwa na vitambaa vilivyopakwa mafuta, na chuma kilichopindwa kama kizibuo, cha kuvutia risasi iliyokwama. Mwisho palikuwa na sindano nyembamba ya kuchokolea tundu la kifa. Masizi ya baruti hunywa unyevu wa hewa, yakaziba tundu na kukaribisha kutu. Kwa hiyo bunduki huoshwa kwa maji ya moto na sabuni siku ile ile, ikakaushwa, ikapakwa mafuta. Mzee alimpa kijana sindano ile, akamwambia akisafishe kifa jioni hiyo. Kijana alifuta nje kwa kitambaa, kikang'aa.

Asubuhi walitoka nje ya mji mpaka penye kichuguu kikubwa, wala hapakuwa na mtu upande wa nyuma. Mzee alishindilia mwenyewe, kwa kuwa kibali kilikuwa chake peke yake, akalenga. Fataki ikalia, na gobori likanyamaza. Kijana akapiga hatua kwenda mbele kutazama.

"Simama hapo hapo!"

Mzee hakulishusha gobori. Macho yake yalikaa katika kichuguu, midomo yake ikihesabu, na kabla hajafika kumi moshi na mshindo vikatoka pamoja, udongo ukaruka mahali ambapo kijana angalikuwa akipita. Mzee akakaa chini. Hakugombeza. Aliuliza tu sindano iko wapi, na kijana akakumbuka kuwa ameiacha juu ya mkeka.

Walirudi kimya. Walipokaribia nyumba, kijana ndiye aliyesema, bila kuulizwa, kwamba ndani ya kopo la maziwa mlikuwa na baruti kutoka machimboni. Alidhani itatosha gobori mwaka mzima.

Hapo Kiswahili chenyewe kilikuwa kimemponza, maana kimezipa jina moja baruti mbili zisizofanana. Ile nyeusi ya pembe huungua, ikaisukuma risasi. Ile ya machimboni imetengenezwa kupasua mwamba, na kasiba si ngumu kuliko mwamba. Kipimo cha shaba kisingalisaidia neno.

"Aliyekupa ana leseni ya kulipua?"

"Sijui, babu."

"Nalirudishe leo hii kwa basi?" kijana akauliza tena.

"Hilo halipandi basi lenye watoto."

Kijana alijua kwamba akitajwa atakosa kazi, na labda zaidi ya kazi. Mzee naye alijua. Kopo halikuguswa, lilibaki ndani ya mkoba mpya, chumbani, na bibi akawatoa wajukuu wote akaketi nao mbali, chini ya mwembe. Mzee akavaa koti lake, akakitia mfukoni kibali chake cha silaha, akamshika kijana mkono, wakaenda kwa miguu kituo cha polisi kuwaita waje kulichukua.