Mikono Imezoea Usukani Mbovu

Mulembe kwako uliye hapa Kakamega, na kwako uliye mbali ukipanga safari ya kuja nyumbani Desemba.

Leo naongea na wewe mwenye gari kubwa la zamani. Land Cruiser ya miaka ya 1990, Prado, Pajero, Patrol, Discovery. Huku kwetu tunayapenda magari haya, na tuna sababu. Mvua ikinyesha na barabara za Shinyalu zikageuka tope, hayo ndiyo yanayofika. Tena kijijini gari kama hilo halina mwenyewe mmoja. Linampeleka mama mjamzito hospitali usiku wa manane, linabeba wanakwaya kwenda matanga, linaleta mahindi kutoka shambani. Kwa hivyo usukani wake ukiharibika, hayo si mambo yako peke yako.

Kumbuka pia umri wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake, gari la 1995 unaloliona Lurambi leo limekula mashimo yetu kwa zaidi ya miaka 20. Limefuata trakta za miwa barabara ya Mumias. Limeruka matuta ambayo hayakuwekewa alama. Kila shimo lilipigia gurudumu, gurudumu likapigia viungo vya usukani, na viungo vile vimekuwa vikilika polepole.

Sasa sikia jambo ninalotaka ulishike leo. Usukani haulegei siku moja. Unaanza na nafasi ndogo tu: unageuza kidogo, gari halijibu, unaongeza kidogo, linajibu. Mwezi ujao nafasi hiyo imeongezeka upana wa kidole. Lakini mikono yako nayo imejifunza. Gari likivuta kushoto, mkono unavuta kulia bila hata kuambiwa. Baada ya miezi sita mtu akikuuliza gari likoje, utasema liko sawa kabisa, na hutakuwa unadanganya. Ni kwamba husikii tena.

Halafu siku moja unampa shemeji yako aendeshe mwelekee Chavakali. Hata hamjapita lile jiwe linalolia pale Ilesi, ameshapunguza mwendo, ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Shemeji, hii gari wewe huiendesha aje? Inayumba hivi!"

Nawe unashangaa, kwa sababu jana tu umetoka nayo Kisumu. Shemeji hana ujuzi kukushinda. Ana mikono ambayo haijazoea.

Fungua Waamuzi 16:20. Samsoni aliamka usingizini akidhani atafanya kama siku zingine, ajinyoshe na kujikung'uta. Biblia inasema hakujua kwamba Bwana amemwacha. Hilo neno "hakujua" linanitisha kuliko Delila. Mtu aliyeng'oa malango ya Gaza hakusikia tofauti mwilini mwake. Alikuwa ameendesha maisha yaliyolegea kwa muda mrefu hata yakawa ndiyo kawaida yake.

Mpendwa, kuna mambo yaliyokuwa yakikukosesha usingizi miaka mitano iliyopita, leo unayafanya ukipiga mluzi. Ulikuwa ukimjibu mke wako kwa upole, sasa unamjibu kwa ukali na unadhani ndiyo sauti yako. Ulikuwa ukitoa hesabu ya pesa za chama bila kuulizwa, sasa ukiulizwa unakasirika. Yakobo 3:4 inatukumbusha merikebu kubwa inayosukumwa na upepo mkali lakini inageuzwa na usukani mdogo sana, na usukani anaoongelea Yakobo ni ulimi. Ukitaka kujua kama maisha yako yameanza kuvuta upande, anza kuchunguza hapo. Unaongeaje nyumbani? Usijijibu mwenyewe. Waulize wanaokaa nawe.

Nasema usijijibu mwenyewe kwa sababu nimeona jinsi mafundi wa jua kali wanavyopima usukani. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Gari linasimama magurudumu yakiwa chini, injini inanguruma, gia iko huru na breki ya mkono imekazwa. Mmoja anakaa kwenye kiti akiuchezesha usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia. Mwingine yuko chini, ameshika kila kiungo kwa kiganja chake: tairodi, boljointi, bushi. Kiungo kizima husonga pamoja pande zote mbili. Kiungo kilicholika, upande mmoja hutangulia na mwingine hufuata baadaye, na kile kiganja kinausikia huo mgongano. Kisha wanainua gari kwa jeki, wanaliwekea vigingi imara, na kulitikisa gurudumu: likishikwa juu na chini, wanajua habari za boljointi na beringi, likishikwa ubavu huu na ubavu huu, wanajua habari za tairodi.

Umeona? Aliyeshika usukani hawezi kuona chini. Hata kama yeye mwenyewe ni fundi wa miaka mingi, akiwa kwenye kiti anahitaji mtu mwingine alale chini.

Mfalme Daudi alikuwa na jeshi, manabii na zaburi. Ilibidi Nathani aje, 2 Samweli 12, na kisa cha maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika vizuri kabisa juu ya dhambi ya mtu mwingine, hakuisikia yake mpaka alipoonyeshwa kidole. Na ndiye Daudi yule ambaye Zaburi 139:23-24 inamtaja kama mwenye kuomba Mungu amchunguze moyo na kuona kama kuna njia mbaya ndani yake. Hiyo ni sala ya mtu anayekubali fundi aingie chini ya gari.

Wewe Nathani wako ni nani? Ukiwa mchungaji, nani anaweza kukuambia, "Pasta, hapa umelegea," na kesho bado awe na nafasi kanisani? Ukiwa baba, mama watoto anaweza kusema neno likasikilizwa? Wengi wetu tumewafukuza mafundi wote, tumebaki na abiria wanaoimba.

Sasa, kuna hila moja ambayo lazima niiseme wazi. Magari makubwa yenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser zile za miaka ya 1990, Patrol na Discovery za kwanza, yana shoki ndogo iliyolala upande ya kutuliza usukani. Gari likianza kutetemeka mbele ukifika mwendo fulani au ukigonga shimo, watu hukimbilia kubadilisha shoki hiyo. Mtetemeko unapungua au unaisha, mwenye gari anafurahi. Lakini mara nyingi shoki mpya imefunika tu. Bushi bado zimelika, tairodi bado zimelegea, beringi za ekseli bado zina nafasi. Ugonjwa umenyamazishwa, nao unaendelea kula.

Alaimenti pia ni hivyo. Ukipeleka gari kwa alaimenti huku viungo vimelegea, haitakaa. Fundi mzuri atakurudisha: badilisha kilicholika kwanza, ndipo tupime. Wengine tumeokoka hivi. Tunataka maombezi yanyamazishe mtetemeko, lakini kile kiungo hatutaki kiguswe. Mkesha ukiisha tunasikia amani ya wiki moja, kisha gari linaanza tena.

Na tuongee juu ya mafuta, maana sisi Wapentekoste tunapenda mafuta. Usukani ukiwa mzito na pampu inalia unapokata kona, angalia mafuta ya usukani. Toyota nyingi za miaka hiyo hutumia mafuta mekundu ya gia ya otomatiki. Yakipungua, yamekwenda mahali, kwa sababu mfumo ule umefungwa na hauchomi mafuta. Kuna bomba au sili inayovuja. Mwenye haraka anaongeza kila Jumamosi na kuendelea. Zekaria 4:6 inatufundisha kwamba kazi ya Bwana inakwenda kwa Roho wake, wala si kwa misuli yetu. Amina! Lakini kama kila Jumapili unajazwa na kila Jumatano umekauka, acha kuuliza kongamano lijalo ni lini. Uliza panavuja wapi. Ni simu yako? Ni uchungu uliouweka kwa ndugu yako juu ya shamba la marehemu baba? Ni rafiki ambaye kila mkikutana unatoka umepungua?

Nirudi kwa safari ya Desemba, kwa sababu hili si mfano tu. Gari lile lina uzito wa karibu tani 2 au zaidi kabla hujapakia watoto na magunia. Ukienda kilomita 90 kwa saa, kila sekunde moja umepita mita 25. Mnapoteremka Sachang'wan mkirudi Nairobi Januari, lori nyuma na lori mbele, hakuna muda wa mikono kutafuta ile nafasi iliyopotea kwenye usukani. Na boljointi ya chini iliyolika sana inaweza kuchomoka. Gurudumu linalala upande, na hakuna dereva hodari hapo.

Kwa hivyo nakuomba kama mchungaji. Usiniletee gari nilifunike kwa damu ya Yesu kabla hujalipeleka kwa fundi. Nitaliombea kwa furaha, lakini tairodi iliyolika hubadilishwa kwa spana. Mungu aliyetupa imani ndiye aliyewapa mafundi wale mikono. Wiki hii fanya mambo mawili. Mpe mtu mwingine unayemwamini aendeshe gari lako kilomita kumi, nawe ukae kiti cha abiria, unyamaze, umsikilize. Kisha jioni, tafuta mtu mmoja anayekujua vizuri, umuulize, "Ni wapi nimeanza kuvuta upande na sisikii?" Akianza kusema, usimkatize. Hata ikiuma.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, tumezoea mambo ambayo wewe hukuyazoea. Tutumie Nathani, na utupe masikio ya kumsikia. Linda kila familia itakayokuwa barabarani, na umpe kila dereva moyo wa kutengeneza kabla ya kusafiri. Usituache tukaamka kama Samsoni. Amina.

Kama unamjua mwenye gari la aina hii anayekuja nyumbani mwezi ujao, mtumie ujumbe huu kabla hajatoka. Ubarikiwe.