Michael Yuko Wapi?

Mwaka jana nilikaribia kupigwa kwa sababu ya filamu.

Ilikuwa Alhamisi usiku, kwenye ukumbi wa chini wa hosteli tunayopanga wanafunzi, huku njia ya Tunguu. Watu ishirini na kitu wamekaa kwenye mikeka, projekta ya kuazima inaunguruma, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Kila mmoja ametoa shilingi elfu moja, na mimi ndiye niliyezikusanya. Alhamisi mbili zilizotangulia tulikuwa tumeangalia Halloween ya 1978, aliyoiongoza John Carpenter, kisha Halloween II ya 1981. Watu walipiga mayowe, wakashikana mikono, wakachekana. Basi nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Leo sehemu ya tatu, msikose." Wakaja hata wale ambao bumu lao lilikuwa halijaingia.

Kama hujaziona, zile mbili za mwanzo ni nyepesi kueleza. Kuna mtu anaitwa Michael Myers. Amevaa kinyago cheupe, hasemi, hakimbii, anatembea tu na kisu chake, na hata ukimuua hafi. Ukishajua hayo, umeshajua utakachokiogopa.

Sehemu ya tatu, Halloween III: Season of the Witch ya 1982, iliyoongozwa na Tommy Lee Wallace, haina Michael. Yumo daktari mmoja mpenda pombe anayefuatilia kifo cha mgonjwa wake mpaka Santa Mira, mji mdogo wa California wenye kiwanda cha vinyago vya watoto. Vinyago vyenyewe ni aina tatu tu: boga, fuvu na mchawi. Televisheni kila saa inapiga tangazo lenye wimbo wa kitoto, linawakumbusha watoto kwamba usiku wa sikukuu wavae vinyago vyao na wakae mbele ya televisheni. Kumbe ndani ya kila kinyago mna chembe ya jiwe lililoibwa Stonehenge, Uingereza. Tangazo la mwisho likirushwa, mtoto aliyevaa anakufa, na kwenye kinyago wanatoka wadudu na nyoka. Mwenye kiwanda ni mzee mpole, kavaa suti, anapenda utani.

Haikuchukua nusu saa, sauti ikatoka nyuma: "Michael yuko wapi?"

Nikasema subirini. Na kweli Michael akaonekana, lakini ndani ya televisheni ya baa, kwenye tangazo la ile filamu ya kwanza. Ukumbi ukaripuka. Watu walidhani nimewafanyia makusudi.

Taa zilipowashwa kila mtu alikuwa na lake la kusema. Jamaa mmoja wa ualimu alisema nimewaibia. "Umekwenda Forodhani, umelipia urojo, umeletewa chai. Utakunywa?" Dada mmoja wa uuguzi akasema filamu si mbaya, ubaya ni jina lake, ingeitwa Vinyago, yeye asingekuwa na neno. Mwingine alichukia mwisho. Daktari ameshika simu, anawaomba watu wa televisheni wazime tangazo. Chaneli ya kwanza inazima, ya pili inazima, ya tatu inaendelea. Anapiga kelele wazime, na filamu imekwisha hapohapo. "Steringi kashindwa? Hiyo filamu gani?" Mwenzangu wa chumba hakusema kitu ila kunitazama, kisha akaniuliza kama niliiangalia kwanza peke yangu kabla ya kuchukua pesa za watu. Sikuwa nimeiangalia.

Nilirudisha shilingi elfu kumi na moja usiku ule.

Aliyebaki kunisaidia kukunja mikeka alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, mgeni pale hosteli, mkimya, ambaye sisi wenyeji tulikuwa hatujamzoea. Akaniambia, "Mimi hii imenitisha kuliko zile mbili, kaka." Nikamuuliza kwa nini. "Michael ukimwona unajua wa kumkimbia. Hapa utamkimbia nani? Televisheni iko sebuleni, na kinyago kanunua mama."

Nikacheka. Nilidhani ananifariji.

Baadaye nilisoma habari za filamu hiyo nikakuta ukumbi wetu haukusema jipya. John Carpenter na Debra Hill, waliotengeneza zile mbili za mwanzo, waliona hadithi ya Michael imekwisha. Mwisho wa sehemu ya pili anaungua moto. Wakataka kuanzia hapo kila filamu ilete hadithi mpya kabisa, kinachoziunganisha kiwe usiku wa sikukuu peke yake. Watazamaji wa 1982 hawakutaka kusikia. Sehemu ya pili ilikuwa imeingiza dola milioni 25 hivi huko Marekani. Ya tatu ikaishia milioni 14. Mwaka 1988 ikaja ya nne, na jina lake tu lilikuwa ni kuomba radhi: Kurudi kwa Michael Myers. Ilichukua miaka mingi mpaka waliokutana na sehemu ya tatu utotoni, kwenye kanda za video, wakaanza kuitetea. Leo wapo wanaoiangalia kila mwaka, na Halloween ya 2018 ilionesha watoto barabarani wamevaa boga, fuvu na mchawi vilevile.

Siwalaumu wenzangu. Sisi tumekulia kwenye vibanda vya video, filamu inatafsiriwa na DJ Mack au DJ Afro, na kitu cha kwanza unachotaka kuoneshwa ni steringi nani na adui nani. Hata filamu zetu za kutisha zimefuata njia hiyo. Nsyuka na Shumileta, zote za Mussa Banzi, zinabeba jina la kiumbe chenyewe juu ya kasha. Unanunua ukijua umwogope nani.

Jumamosi yake nikaenda Kikwajuni kwa bibi. Bibi yangu ni mtu wa sinema. Enzi zake alikuwa haikosi filamu ya Kihindi pale Majestic, Vuga, na mpaka leo anaweza kukueleza nani alikaa kiti gani. Nikamsimulia yaliyonipata, pamoja na filamu yenyewe. Nilitegemea atacheka. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo walimtaka yule wa kisu?"

"Eeh, bibi."

"Watu ndivyo walivyo, mjukuu wangu. Na sisi tulimtaka."

Akanihadithia mwaka 1995. Sote tumeisikia hadithi ya popobawa, na wengi tunaichukulia utani wa kutishia wadogo. Mwaka ule haukuwa utani. Ilianza Pemba, Ramadhani inaingia, ikafika Unguja, ikavuka mpaka Dar es Salaam. Watu wazima walihama vitanda vyao wakalala nje, barazani na uwanjani, mikeka imepangwa mmoja kwa mmoja, wanaamshana kwa zamu. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Bibi anasema watu walikuwa na hofu nyingi kwa wakati mmoja, ila popobawa ndiye aliyekuwa na jina. Na alikuwa na sharti lake: aliyefikwa awatangazie wenzake, akificha atarudiwa. Kwa hiyo kila asubuhi hadithi ilikuwa kubwa kuliko ya jana.

Kisha watu wakampata. Yaani wakasema wamempata. Alikuwa kijana kutoka bara, mgonjwa wa akili, aliyekuja Unguja kutibiwa. Kundi la watu likamuua hapa mjini.

"Usiku ule tulilala," bibi akasema. "Usiku mmoja tu."

"Halafu?"

"Halafu tukajua kuwa hakuwa yeye. Lakini nitakwambia kweli, mwanangu, nilipoambiwa kakamatwa, nilimshukuru Mungu. Sikuuliza ni nani. Nilichotaka ni awe mtu."

Hapo ingefaa nimalize, nikueleze kwamba hadithi ya bibi ilinizindua. Haikunizindua. Wiki tatu baadaye, hosteli yetu ikaibiwa laptopu, chumba namba sita, mchana, mwenyewe yuko darasani. Kabla ya magharibi tulikuwa tumeshampata mwizi. Hakuna aliyemtaja kwa jina. Ilikuwa "yule mgeni", "yule asiyesema", "yule anayetembea usiku". Kutembea usiku kwenyewe, tulikuja kujua, ni kutafuta mahali penye mtandao ampigie mama yake. Tukaingia chumbani kwake sita kwa pamoja. Umeme ulikuwa umekatika. Wakamwaga begi lake kitandani: nguo, daftari, pakiti ya biskuti, picha za pasipoti. Mimi nilishika tochi.

Alinitazama mara moja tu. Huyu ndiye aliyenikunjia mikeka. Ningeweza kusema neno, na nililijua neno lenyewe. Sikusema. Na nikiri kitu ambacho sijamwambia mtu: tulipokuwa tukipanda ngazi kwenda kwake, nilijisikia vizuri. Baada ya saa tano za kumtilia shaka kila mtu, hata mwenzangu wa chumba, kulikuwa na raha fulani ya kujua ni nani.

Laptopu haikuonekana kwake, wala haikuonekana mpaka leo. Kilichoonekana ni kwamba mlango wa nyuma ulikuwa na kitasa kibovu tangu mwanzo wa muhula. Kila mmoja wetu alikijua. Tulikuwa tukikisukuma kwa bega tukichelewa kurudi, tukishukuru kwamba hakifungi. Hakuna aliyeripoti, kwa sababu kila mtu alijua kuna mtu mwingine ataripoti. Kama kulikuwa na adui pale, ndiye huyo, na hakuwa na sura unayoweza kuimulika kwa tochi.

Kijana alihama mwisho wa mwezi. Sisi tulichangishana kwa dakika kumi, tukaenda Darajani tukanunua kitasa kwa shilingi elfu kumi na tano.

Juzi niliiangalia tena ile sehemu ya tatu, safari hii peke yangu, kwenye simu. Nikubali: ina kasoro zake. Mambo ya Stonehenge hayaingii akilini hata kidogo, na yule daktari ni mtu wa hovyo. Waliosema imechanganya jina na kitu wana haki yao. Ukimwahidi mtu urojo, mpe urojo. Lakini ile hasira yetu, ile ya kusimama na kudai Michael aletwe, sidhani tena kama ilikuwa ya filamu peke yake. Michael ni starehe. Ukimwona unajua ubaya uko wapi, na kwamba wewe humo. Filamu hii inakunyima hilo. Inakuonesha wimbo ambao watoto wote wanauimba, zawadi ambayo wazazi wote wameinunua, na mlango uliokuwa wazi muda wote.

Nimemtumia yule kijana ujumbe mara mbili. Umesomwa, haujajibiwa, na ana haki. Naambiwa gazeti hili hufika kampasi zote, kwa hiyo nalisema hapa, mbele ya watu, kwa kuwa begi lako pia lilimwagwa mbele ya watu: hukuiba kitu, na mimi nilijua hivyo wakati nimeshika tochi. Nisamehe.

Alhamisi ijayo tunaonesha sehemu ya tatu kwa mara nyingine. Safari hii nimeandika kwenye tangazo, herufi kubwa, kwamba Michael hayumo. Mpaka sasa wamejiandikisha tisa. Nafasi ya kumi nimeshailipia, ni yako.