Aliyetoa Figo Yuko Jikoni

Simu kutoka Moshi iliita saa tisa usiku, nikiwa kwenye korido ya hospitali moja ya Houston. Alikuwa baba mkubwa wa mpwa wangu, na siku hiyo hakuuliza hali.

"Nasikia mtoto anatolewa viungo. Kikao kilikaa lini?"

Kikao cha ukoo hakikukaa. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, alikuwa amegongwa akiwa kwenye pikipiki, na jioni ile madaktari walithibitisha kwamba ubongo umekufa. Mashine ilikuwa bado inapandisha na kushusha kifua chake. Mkono wake ulikuwa na joto kama wako na wangu, na dada yangu hakutaka kuuachia. Ndipo akaja mama mmoja wa shirika linaloratibu viungo, akavuta kiti, akatueleza kwamba marehemu alishaamua mwenyewe. Leseni yake ya udereva ilikuwa na alama ya moyo mdogo. Alijiandikisha siku aliyochukua leseni, akiwa na miaka 18, wala hakutuambia.

Kwa sheria za Marekani, mtu mzima akishajiandikisha, neno lake ndilo la mwisho. Ndugu hupewa taarifa, huulizwa historia ya afya yake, lakini hawaombwi ruhusa. Nilipomweleza baba mkubwa hivyo, alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Kwa hiyo," akasema, "mtoto alikaa kikao peke yake."

Kesho yake walimsindikiza. Hospitali nyingi za huko zina desturi hiyo: kitanda kinasukumwa taratibu kutoka chumba cha wagonjwa mahututi hadi mlango wa chumba cha upasuaji, na wafanyakazi wanaojaliwa nafasi husimama pande zote mbili za korido. Niliwaona madaktari na wauguzi; nikamwona pia msafishaji, ameegemeza dekio lake ukutani na kofia ameishika mkononi. Hakuna aliyesema neno, yalisikika magurudumu tu. Sisi tuliozoea misiba yenye sauti tulifika mlangoni hatujui tufanye nini, mpaka dada akaanzisha pambio kwa sauti ya chini.

Hofu ya baba mkubwa ilikuwa moja: tutazika mwili usio kamili, na pengine hautatazamika. Mwili ulishonwa kama wa mgonjwa yeyote aliyefanyiwa upasuaji, na gharama za kutoa viungo hazikuletwa kwetu. Tulimsafirisha, tukamvalisha suti, jeneza likafunguliwa uani Moshi watu wakaaga. Baba mkubwa alimtazama muda mrefu, akamrekebishia kola, akasema, "Ni yeye." Tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, karibu na babu yake.

Baada ya mwaka ikaja barua kupitia shirika lile. Mwandishi hakutaja jina wala mji, maana ndivyo utaratibu ulivyo mpaka pande zote mbili zikubali kujuana. Alikuwa amepata figo. Aliandika kwamba miaka yote ya kuchujwa damu kwa mashine alikuwa akipimiwa maji, na sasa anakunywa mpaka anashiba. Dada aliisoma barua ile, akaenda kujimiminia glasi ya maji.

Heshima kama ile ya koridoni haiishii hospitalini. Kila Mwaka Mpya, kwenye gwaride la maua la Pasadena, California, hupita gari lililobeba picha za waliotoa viungo, zilizochorwa kwa mbegu, viungo vya jikoni na petali. Gari hilo limekuwa likishiriki tangu 2004, na mara nyingi familia zenyewe ndizo humalizia nyusi za wapendwa wao.

Uingereza wana njia nyingine. Tangu Mei 2020, mtu mzima wa England huhesabiwa kuwa amekubali isipokuwa amesema hapana, ila wauguzi bado hukaa na ndugu na kuwasikiliza kwanza. Nadhani baba mkubwa angeielewa zaidi hiyo.

Nyumbani hali ni tofauti, kwa sababu anayetoa bado anatembea. Figo ya kwanza kupandikizwa Tanzania ilipandikizwa Muhimbili Novemba 2017, wataalamu kutoka India wakisaidiana na wetu, na mwaka uliofuata Dodoma nao wakaanza. Kabla ya hapo, wagonjwa na ndugu zao walikuwa wakipanda ndege kwenda India. Huduma hiyo imejengwa juu ya wachangiaji walio hai, yaani kaka, dada, mama, mtoto wa mtu.

Kwetu alikuwa shangazi. Mwaka 2019 alimpa figo mdogo wake, baba yangu mdogo. Baba mdogo alipopona, tukafanya shukrani nyumbani kwake, Kimara. Alivishwa shada, mchungaji akashukuriwa, daktari akashukuriwa, hata mwenye maturubai akapigiwa makofi. Nikaenda jikoni kutafuta maji, nikamkuta shangazi anapakua pilau. Mama mmoja akamwambia amsaidie kuinua sufuria. "Nimekatazwa vizito," akajibu. "Kwani unaumwa nini?" akaulizwa.

Nilipomuuliza baadaye mbona hakutajwa, alicheka. Wakweze walikuwa wamempinga, na mtaani kulikuwa na minong'ono kwamba figo aliiuza. Heri kunyamaza. Na ndugu wengine waliona hakuna la kushukuru: damu yake mwenyewe, angeiacha ife?

Dini nayo husingiziwa kwamba inakataza utoaji wa viungo. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililoketi Jeddah mwaka 1988 liliruhusu upandikizaji kwa masharti, na Papa Yohane Paulo II mwaka 2000 aliuita utoaji wa viungo tendo la upendo.

Siwasifii Wamarekani kila kitu. Barua isiyo na jina ina ubaridi wake, na dada yangu hajui figo ile iko wapi. Shangazi anajua. Kila jioni humpigia mdogo wake: "Figo yangu umeinywesha maji leo?" Utani huo Houston hawana. Ila wao wameelewa kwamba aliyetoa hakuwa analipa deni, hata kama ni ndugu.

Kwa hiyo msomaji, kama una neno kuhusu mwili wako, ndiyo au hapana, liseme kikaoni ungali hai, wazee wako wakilisikia. Na kama nyumbani kwenu yupo aliyetoa figo, mtajeni. Desemba hii tunafanya shukrani nyingine Kimara, na nimeshaongea na mshereheshaji: kiti cha katikati meza kuu ni cha shangazi. Pilau atapakua mwingine.