Konokono wa Dilolo

Treni za Benguela ziliposimama mwaka 1975 kwa sababu ya vita vya Angola, shaba ya Kolwezi haikupita tena mji wetu wa Dilolo, mpakani na Angola, kwenda bandari ya Lobito, na baba zetu wa reli wakabaki nyumbani. Sisi watoto makao yetu yakawa kijitoni. Hapo mama zetu walifua na kulowesha mihogo, nasi tukaoga mchana kutwa katikati ya magugu maji.

Chini ya majani hayo waliganda konokono wadogo, wengi hawafiki ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Mmoja alikuwa bapa kama kifungo cha shati. Mwingine alichongoka, na ukimshika ncha ikiwa juu, mdomo wa gamba lake ulielekea kushoto. Tuliwabandua tukawachezea, hakuna aliyewaogopa.

Kisha wavulana wa mtaa wetu wakaanza kukojoa damu. Wazee wengine walisema ni dalili ya kubalehe, kwa hiyo wengi walinyamaza. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alikonda, akaishiwa nguvu hata za kubeba ndoo.

Aliyetufungua macho ni munganga mmoja wa maabara. Aliwatia konokono waliochongoka katika glasi ya maji safi, akaianika juani. Baadaye alituita tuitazame glasi ile kwenye mwanga: chembe nyeupe, ndogo mno, zilikuwa zikipanda na kushuka majini. Kwenye hadubini kila chembe ilikuwa na mkia wenye panda mbili.

“Hivi ndivyo vinavyopenya ngozi yenu,” alisema. “Lakini konokono hakuzaliwa navyo. Ninyi ndio mliompa.”

Akatueleza njia yote ya kichocho. Mayai ya mnyoo hutoka na mkojo wa mgonjwa, na yakifika majini huanguliwa. Kiluwiluwi kinachotoka kisipompata konokono wa kumwingia ndani ya siku moja hivi, hufa. Kikimpata, huzaana mwilini mwake kwa wiki kadhaa, mpaka maelfu ya chembe zile zenye mkia zitoke jua linapokuwa kali, saa zilezile tulizokuwa tukioga. Konokono naye huumia: hutaga kwa shida na hufa mapema.

Somo lile halikupata nafasi ya kukomaa. Machi 1977 waasi wa kundi la FNLC walivuka mpaka kutoka Angola wakaiteka Dilolo. Tulikimbilia porini, tukanywa na kuoga maji yoyote tuliyoyakuta. Nani angezungumzia choo cha kuzuia mkojo usifike majini wakati ule?

Yaya alipona miaka ya 1980, dawa ya praziquantel ilipofika kwetu. Vidonge hivyo hupimwa kwa uzito wa mtu na humezwa kwa siku moja. Lakini havimkingi aliyepona: akirudi kwenye maji yaleyale, huambukizwa upya. Nimewaona waliotibiwa wakirudi kliniki na damu ileile.

Wengine hudai konokono wauawe. Dawa ya kuwaua ipo, ila huua na samaki, na wakibaki konokono wachache tu, huzaana mpaka kijito kijae tena. Kidonge peke yake hakitoshi. Kila mtaa upate choo na kisima karibu na nyumba, ili mama asilazimike kufulia kijitoni na mtoto asiwe na sababu ya kukojoa majini. Sababu yake niliiona kwa macho yangu kwenye glasi ile, na choo na kisima ndivyo ninavyoviomba kwa kila kiongozi anayekuja kutuuliza shida zetu.