Mawingu ku televizio



Baba mukubwa alinionyesha filimu ya Thierry Michel ya mwaka 1999 juu ya Mobutu. Ndani yake kuko picha za zamani za televizio ya Zaïre. Mawingu yanafunguka, kichwa cha Mobutu kinatokea katikati, kinakuja karibu. Ni vile habari za magaribi zilianza. Mimi nikacheka. Yeye apana. Akasema: "Siye tulikuwa batoto, tunatoka ku masomo ya siku ya yenga. Tulijua paka Mumoja mwenye kushuka na mawingu."

Nikanyamaza.

Mwalimu wa historia (bon, ni mimi nilimuuliza) alinieleza kama mambo hii haikuanza kwetu. Katika 1934 Leni Riefenstahl alipiga filimu ya mukutano wa chama cha Hitler kule Nuremberg, nayo ikatoka 1935. Inaanza na mawingu: ndege ya Hitler inapita ndani yake, chini watu wanangojea. Ndege ilikuwa ya kweli, watu pia wa kweli. Ni kamera ndiyo inachagua.

Basi nikarudia kwa Baba mukubwa. Usiku wa tarehe 11 Mei 1990, wakati waliua wanafunzi pa université yetu hapa Lubumbashi, serikali ilikubali kifo cha mutu mumoja tu. Na televizio, yenyewe ilionyesha nini?

"Apana kitu," akajibu. "Habari tulipata ku kinywa, nyumba kwa nyumba, pole pole."

Kisha akaniomba nizime.