Nauli ya Kurudi Kliniki

Kambi ya upasuaji wa moyo huanza kwenye simu, wiki kadhaa kabla madaktari wageni hawajatua. Mimi ni muuguzi wa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hapa Upanga, Dar es Salaam, ndani ya eneo la Muhimbili. Madaktari wakishapitisha orodha ya watoto wa kupasuliwa, kuwatafuta wazazi ni kazi yetu. Namba iliyoandikwa kwenye faili mara nyingi si ya mzazi. Ni ya mwalimu, ya mtendaji wa kijiji, ya jirani mwenye simu. Unapiga Kasulu, unaambiwa mama yuko shamba, piga jioni. Jioni namba haipatikani. Na mtoto huyo ana tundu kubwa moyoni, anatweta na kutokwa jasho akinyonya, na kila mwezi unaopita damu inazidi kuyaelemea mapafu yake, mpaka siku moja daktari atasema sasa hafai kupasuliwa.

Wakifika, wengi hushangaa kwamba tunaanza na meno. Jino lililooza linaingiza vijidudu kwenye damu, navyo vinapenda kung'ang'ania kwenye vali za moyo, kwa hiyo mtoto huonwa kwanza na daktari wa meno. Halafu kuna mafua. Mtoto mwenye mafua na kikohozi haingii chumba cha upasuaji, maana baadaye mapafu yake yatapata shida kuachana na mashine ya kupumulia. Sasa mwambie mama aliyelala njiani, aliyeuza mbuzi apate nauli, kwamba mwanawe ameondolewa kwenye orodha ya kesho kwa sababu ya kamasi. Nimewaambia wengi, na sijapata namna nzuri ya kulisema. Unakaa naye kitandani, unamweleza mpaka aelewe, kisha unaanza kumtafutia pa kulala.

Wageni wenyewe nawaheshimu sana. Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo aliyebahatika alipelekwa nje, hasa India. Tangu taasisi ianzishwe mwaka 2015, timu za Marekani, Australia, Saudi Arabia na Israel zimekuja kufanya kazi bega kwa bega na madaktari wetu. Shirika la Save a Child's Heart la Israel, ambalo limetibu watoto wengi wa Kitanzania, lilianzishwa mwaka 1995 na daktari Ami Cohen, aliyefariki mwaka 2001 akiwa katika safari ya kupanda Kilimanjaro. Shirika hilohilo lilimfundisha Dk. Godwin Godfrey upasuaji wa moyo wa watoto, naye akarudi kutibu watoto nyumbani. Msaada wa aina hiyo una mizizi.

Nami nina nilichokipata kwao. Nilifundishwa usiku, chumba cha uangalizi maalumu, na muuguzi mgeni ambaye hakupenda kuitazama mashine kabla ya kumgusa mtoto. Shika vidole vya miguu, aliniambia. Vikiwa vya baridi, moyo hausukumi damu inavyopaswa, hata kama namba za kwenye skrini bado zinapendeza. Angalia mkojo, angalia damu inayotoka kwenye mpira wa kifuani, ndipo usome mashine. Wauguzi wapya wanaokuja wodini nawafundisha hivyohivyo.

Lakini kuna jambo linaloniuma, na nalisema kwa sababu naona linaweza kurekebishwa. Tunasema upasuaji ni bure. Kwa familia, siku ya upasuaji ndiyo siku ya bei nafuu kuliko zote. Vali imeletwa, dawa za usingizi zipo, wapasuaji hawadai senti. Kinachoitafuna familia ni basi, ni chumba, ni chakula cha mama anayeshinda benchi, ni msimu wa kupanda unaopita baba akiwa mjini kutafuta wa kuchangia damu. Gesti za Kariakoo hazijali kwamba una mgonjwa. Asiye na ndugu Mbagala au Gongo la Mboto anaomba kulala popote. Wapo wakazi wa Upanga na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoleta chakula na kulipia nauli bila kutaka majina yao yajulikane. Mungu awalipe. Ila jambo hili halipaswi kutegemea nani kapita wodini siku hiyo.

Ugumu wote unaonekana kwa msichana mwenye vali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki. Kama vali haitengenezeki, anabadilishiwa. Vali ya chuma inadumu, lakini atameza warfarini maisha yake yote, na kipimo cha damu cha INR kinatakiwa mara kwa mara: dozi ikizidi atavuja damu, ikipungua damu itaganda kwenye vali. Isitoshe, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vali ya mnyama haihitaji warfarini ya kudumu, ila kwa kijana inachakaa mapema, na atarudi kupasuliwa. Msichana ana miaka 15. Mama yake ananiuliza, "Nesi, wewe ungechagua ipi?" Kabla sijajibu chochote, mimi nauliza: hospitali yenu ya wilaya inapima INR? Kufika huko nauli ni kiasi gani? Majibu hayo yana uzito sawa na picha ya moyo ya echo.

Mama mwingine aliacha kabisa kumpikia mwanawe matembele na kisamvu, kwa kuwa alisikia mboga za majani zinapambana na warfarini. Tulimwelekeza asiziondoe, ampe kiasi kilekile wiki hadi wiki, na dozi ipangwe kulingana na chakula hicho. Maelezo ya namna hiyo yanahitaji muda na kurudiwa, na mama huyo hawezi kurudi kama basi limemshinda.

Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, inayozuia homa ya rumatiki isirudi kuharibu vali, inachomwa na muuguzi wa zahanati ya kijijini. Hakuna mgeni anayepanda ndege kuja kuichoma. Tunaandika barua, tunampigia muuguzi yule, tunamwomba amfuatilie mtoto wetu, naye mara nyingi yuko peke yake zahanati nzima.

Kwa hiyo kiongozi wa timu anaponiuliza walete nini safari ijayo, namjibu hivi: vali zenu tunazihitaji, endeleeni kuzileta. Ila kwenye bajeti ya kila mtoto ongezeni nauli yake na ya mzazi kwa kliniki zote za mwaka wa kwanza, kodi ya nyumba moja karibu na Muhimbili ambamo kina mama watalala na kupika, na mashine ndogo ya INR kwa hospitali ya wilaya anakorudi. Wapo wanaoandika. Wengine hunijibu kwamba wafadhili wao hawatoi fedha za mabasi, nami nawaomba wakawaulize tena.