Majibu ya Damu Yasimwachishe Mtoto Insulini

Mpwa wangu wa miaka 11 hudungwa insulini kila siku. Majuzi damu yake ilipelekwa Nairobi kutafutwa kingamwili. Majibu yalipofika kwetu Kiwanjani, Isiolo, hazikuonekana. Jamaa wakashangilia: kumbe mtoto hana kisukari, sindano zikome!

"Kaka, niache?" dada akaniuliza, mkono u juu ya chungu chenye mchanga wa maji anamohifadhia dawa isiharibiwe na joto.

La hasha! Kingamwili ni askari wa mwili dhidi ya maradhi. Lakini mwili huweza kujigeuka wenyewe. Katika kisukari cha aina ya kwanza hushambulia seli za kongosho zitengenezazo insulini. Mwaka wa 1974 wataalamu jijini London walitangaza kuziona kingamwili za namna hiyo katika damu ya wagonjwa. Leo kipimo hicho husaidia kutambua aina ya kisukari. Kisukari chenyewe hujulikana kwa kupima sukari.

Isitoshe, utafiti wa Uganda, Kameruni na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka wa 2025 ulionyesha kwamba takriban 65 katika kila wagonjwa 100 waliougua wakiwa wadogo, na kuhesabiwa kuwa wa aina ya kwanza, hawakuwa na kingamwili hizo. Hata hivyo, insulini yao ilikuwa haba.

Mzazi, karatasi ya maabara husomwa na daktari, si na majirani. Mtoto anayeitegemea insulini akiachishwa, anaweza kufa katika siku chache.